MWANDISHI ALIYENGOJA KITANZI

Kijana, hebu simama kidogo! Najua una haraka. Basi la Iringa linapiga honi pale stendi ya Mikumi, malori ya Zambia yanapita, na wenzako wanakuita. Lakini nina swali moja tu kwako. Je, kwa nini tunapenda sana habari za wauaji?

Usikatae. Gazeti likiwa na habari ya mauaji ukurasa wa mbele, linakwisha asubuhi ile ile. Mtu akianza kusimulia jinsi jambazi fulani alivyoua, kijiwe chote kinanyamaza. Hakuna anayeondoka. Kila mmoja anangoja mwisho, na mwisho tunaoungoja tunaujua.

Leo nakupa habari za mtu aliyekaa na wauaji uso kwa uso. Aliwasikiliza kwa miaka mitano, akaandika kitabu, akapata kila kitu alichokitamani. Halafu uone yaliyompata. Jina lake Truman Capote, mwandishi wa Marekani.

MTOTO ALIYEACHWA

Truman alizaliwa tarehe 30 Septemba 1924 katika mji wa New Orleans. Mama yake alikuwa binti mdogo tu. Baba yake alikuwa mtu wa mipango mingi ya fedha ambayo haikufika popote. Ndoa ikavunjika, na mtoto akapelekwa kwa ndugu za mama yake huko Monroeville, mji mdogo wa jimbo la Alabama. Bibi mmoja wa ukoo aliyeitwa Sook ndiye aliyempenda na kumtunza. Jirani yake alikuwa msichana Harper Lee, ambaye ukubwani naye akawa mwandishi mashuhuri.

Mama alikuja kumwona, halafu akaondoka tena. Wewe kijana uliyelelewa na bibi huku ukingoja mzazi wa mjini, unajua kungoja kwa namna hiyo kunavyouma. Truman alijificha kwenye maneno. Akiwa na miaka kama 11 alishaanza kukaa chini kila siku aandike.

Baadaye mama yake aliolewa New York na mtu wa Cuba, Joseph Capote, na mtoto akachukua jina hilo. Mwaka 1948 kitabu chake cha kwanza kilitoka, na jina lake likasikika. Mwaka 1954 mama yake alijiua. Mwaka 1958 akatoa Breakfast at Tiffany's. Sifa alikuwa nazo tayari, lakini hazikumtosha. Alitaka kuandika kitabu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuandika.

USIKU WA HOLCOMB

Sasa twende Kansas, katikati ya Marekani, nchi ya mashamba ya ngano. Kuna kijiji kiitwacho Holcomb, kando ya barabara kuu na reli. Ni kijiji ambacho wasafiri walikipita bila kujua jina lake, kama vile wengi wanavyopita hapa Mikumi wakichungulia dirishani kutafuta tembo tu.

Hapo aliishi mkulima Herbert Clutter, mtu wa kanisani, asiyekunywa pombe. Alikuwa na mke wake Bonnie, binti yao Nancy mwenye miaka 16, na kijana wao Kenyon mwenye miaka 15. Yashike majina hayo manne, maana watu wengi waliosoma habari hii huyasahau, wakabaki na majina ya wauaji tu.

Gerezani huko Kansas, mfungwa mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa Clutter alimwambia mwenzake, Richard Hickock, kwamba mzee yule ana sefu nyumbani yenye dola 10,000. Hickock alipotoka akamtafuta rafiki yake wa jela, Perry Smith. Wakaendesha gari zaidi ya kilomita 600, mbali kuliko kutoka hapa Mikumi mpaka Mbeya. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 1959 wakaingia katika nyumba ile.

Kumbe hakuna sefu! Ilikuwa maneno matupu ya gerezani. Wakawafunga kamba watu wanne, wakawaua wote kwa bunduki, wakaondoka na dola zisizozidi 50, darubini na redio. Roho nne kwa fedha ya kununulia viatu! Tarehe 30 Desemba wakakamatwa Las Vegas. Machi 1960 wazee wa baraza walikaa chini ya saa moja tu, wakawaona wana hatia. Hukumu ikawa kunyongwa.

MASIKIO YA CAPOTE

Capote aliisoma habari ya mauaji hayo gazetini, katika safu fupi tu. Akafunga safari mpaka Kansas, akamchukua Harper Lee amsaidie. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nyembamba, na wakulima walimshangaa. Lakini alijua kusikiliza. Hakutumia tepu, wala hakuandika mbele ya mtu. Alisikiliza, kisha jioni akirudi chumbani ndipo anaandika. Maandishi yale yakajaa maelfu ya kurasa.

Hata wauaji wakamfungulia mioyo, hasa Perry Smith. Perry naye alikuwa mfupi. Mama yake alikuwa mlevi, ndoa ya wazazi ikavunjika, na yeye akalelewa katika nyumba za watoto yatima na kupigwa. Capote alijiona mwenyewe ndani ya mtu yule. Watoto wawili walioachwa: mmoja akashika kalamu, mwingine akashika bunduki.

Hapo, kijana, Capote alifanya jambo jema. Alituonyesha kwamba muuaji ni mtu, haanguki kutoka mwezini. Anaanza kama mtoto anayelia mlangoni. Hilo halifuti damu ya watu wanne. Maelfu wameachwa na wazazi, wala hawakuua mtu. Lakini inatupasa tujue mahali mambo yanapoanzia.

Basi, tatizo likaja. Kitabu kilihitaji mwisho.

KUNGOJA

Wafungwa walikata rufaa. Tarehe ya kunyongwa ikapangwa, ikaahirishwa. Ikapangwa tena, ikaahirishwa tena. Miaka ikapita, 1961, 1962, 1963, 1964. Sehemu kubwa ya kitabu ilikuwa imekwisha kuandikwa, lakini hakingeweza kutoka mpaka ijulikane kama wanakufa au wanapona.

Tazama mtego huo! Wale watu walimwona Capote kama rafiki. Walimwandikia barua, naye akawajibu. Lakini kila rufaa iliyowapa wao pumzi, yeye ilimnyima usingizi. Barua zake kwa marafiki wengine zinaonyesha wazi kwamba alitamani jambo lile liishe. Na liishe vipi? Alijua. Mkono mmoja unamsalimia mtu, mkono mwingine unahesabu siku za kufa kwake. Nani anaweza kuishi hivyo asipasuke?

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1965, katika gereza la Lansing, Hickock na Smith walinyongwa. Capote alikuwepo, maana wenyewe walimwomba aje. Alilia. Lakini kitabu kikapata mwisho wake.

ALIPATA YOTE

Mwaka huo huo habari ile ikatoka mfululizo katika jarida la The New Yorker, na Januari 1966 ikawa kitabu, In Cold Blood. Ulimwengu ukashangaa. Waandishi wengi wa habari za wauaji waliokuja nyuma yake, wale wanaoingia magerezani kuwahoji watu walioua wengi, wamepita njia aliyoifungua yeye. Utajiri ukamjia. Novemba 1966 akafanya karamu kubwa ya dansi katika hoteli ya Plaza, New York, wageni zaidi ya 500, matajiri na wakubwa, wamevaa barakoa.

Lakini maswali hayakukoma. Mwandishi mmoja wa Uingereza, Kenneth Tynan, alimshutumu hadharani kwamba hakufanya bidii ya kuwaokoa watu waliomwamini. Wengine wakagundua kwamba baadhi ya mambo kitabuni hayakutokea. Lile tukio la mwisho kabisa, pale makaburini, alilitunga mwenyewe, ingawa alikuwa amesema kila neno ni kweli.

Baada ya hapo, yule mtu hakumaliza tena kitabu kikubwa. Pombe ikamkamata, madawa ya kulevya yakafuata. Alikuwa ameahidi kitabu kimoja, Answered Prayers, maana yake Maombi Yaliyojibiwa. Mwaka 1975 alitoa kipande chake katika jarida, akazianika siri ambazo marafiki zake matajiri walimwambia mezani. Unaona? Kazi ni ile ile: sikiliza, pendwa, kisha uza. Safari hii wenye siri walikuwa hai, na wengi wakamfungia mlango. Tarehe 25 Agosti 1984 alikufa Los Angeles, ini limeharibika, mwili umejaa madawa. Alikuwa na miaka 59. Kitabu kile hakikwisha mpaka leo.

NA WEWE JE?

Sisemi Capote alikuwa muuaji. Hakushika bunduki wala kufunga kamba. Nasema alingoja. Alihitaji mtu afe ili yeye afanikiwe, na kungoja kule kukamla kutoka ndani.

Sasa rudi kijiweni kwako. Ajali ikitokea barabarani, nani anakimbilia kusaidia, na nani anakimbilia kutazama? Mwizi akipigwa, unazuia, au unasogea uone vizuri upate la kusimulia? Rafiki akikueleza siri yake akilia, unambeba moyoni, au kesho unamfanya hadithi? Moyo unaongoja mwisho wa mwenzio ili upate cha kusema tayari una ugonjwa ule ule. Sifa hazikuuponya. Fedha hazikuuponya. Uponyaji unaanza siku unapomtazama mtu kama mtu, naye Mungu aliyemuumba anawaona nyote wawili.

Herbert. Bonnie. Nancy. Kenyon. Je, uliyashika majina yale?

Ukimaliza kusoma usitupe karatasi hii. Mpe mwenzako.