Albrecht von Graefe, Mganga wa Macho

Ugonjwa wa glakoma, ambao watu wengi huuita presha ya macho, ni kama mwizi aingiaye nyumbani usiku bila kuvunja mlango. Mara nyingi hauumi wala hauwashi. Huanza kula pembeni mwa macho, na mgonjwa hana habari, kwa sababu mambo yaliyo mbele yake bado ayaona vizuri. Siku atakapoanza kujikwaa na kugonga watu njiani, sehemu kubwa imekwisha kupotea, na iliyopotea hairudi tena. Kwa hiyo mganga hatosheki kujua kwamba mtu anasoma herufi ndogo ukutani. Apaswa kujua pia upana wa eneo anamoona, na kama upana huo unapungua mwaka hata mwaka. Mtu aliyeingiza upimaji huo katika kazi ya kila siku ya waganga ni Mjerumani aitwaye Albrecht von Graefe, na haya ndiyo maisha yake.

Alizaliwa Berlin tarehe 22 Mei, 1828. Baba yake, Karl Ferdinand von Graefe, alikuwa mpasuaji mashuhuri na profesa katika mji huo huo. Mtoto hakukaa naye sana, kwani baba alikufa mwaka 1840, Albrecht akiwa na miaka kumi na miwili tu. Lakini alikuwa kijana mwenye akili nyingi, hasa katika hesabu, akaingia Chuo Kikuu cha Berlin alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Mwaka 1847, kabla hajatimiza miaka ishirini, alikwisha kupata shahada ya udaktari.

Hakuridhika na shahada. Alifunga safari kwenda kujifunza kwa wakubwa wa kazi. Huko Prague alikutana na Profesa Arlt, na huyu ndiye aliyemvuta kwenye elimu ya macho. Kisha alikwenda Paris na Vienna, na mwaka 1851 akafika London. Huko alifanya urafiki na Bowman, Mwingereza, na Donders, mtu wa Uholanzi. Urafiki huo ulidumu maisha yake yote, ingawa kila mmoja alikuwa wa taifa lake.

Aliporudi Berlin alifungua hospitali yake mwenyewe ya macho, naye ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Maskini aliwatibu bure. Haukupita muda mrefu, wagonjwa wakaanza kumjia kutoka nchi nyingi za Ulaya, na waganga vijana wakaja kukaa naye wajifunze. Mwaka 1854 alianzisha gazeti la elimu ya macho, na baadaye Arlt na Donders wakaliongoza pamoja naye. Gazeti hilo lingali likichapishwa hata leo, na lina jina lake.

Bahati yake ilikuwa kuishi wakati wa mavumbuzi. Mwaka 1851 Helmholtz, Mjerumani mwenzake, alitangaza chombo kidogo cha kutazamia ndani ya jicho. Kabla ya hapo mboni ilikuwa kama mlango uliofungwa. Sasa mlango umefunguka, na Graefe alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia. Katika macho ya wagonjwa wa glakoma aliona kwamba mahali unapoingilia mshipa wa fahamu wa jicho pamebadilika. Mwanzoni alidhani pamevimba. Baadaye alitambua kwamba macho yake yamedanganywa na vivuli: hapakuvimba, pamebonyea kama kikombe. Basi akaandika waziwazi kwamba neno lake la kwanza si sawa. Kwa mtu mwenye sifa kubwa kama yake, huo ni ushujaa.

Mwaka 1856 alitoa maandiko juu ya kupima uwanja wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho laliona likiwa limetulia mahali pamoja. Njia yake ilikuwa nyepesi. Mgonjwa alifunikwa jicho moja, akaambiwa akazie macho alama iliyo katikati ya ubao, wala asiiache. Kisha mganga alipitisha kitu kidogo huku na huku, akiuliza kinaonekana wapi na kinapotea wapi, naye akazitia alama sehemu hizo. Mwisho wake ilipatikana ramani ya kuona kwa mtu yule, yenye mipaka yake na mashimo yake.

Ramani hiyo ndiyo yenye faida kubwa katika glakoma. Mara nyingi upungufu huanzia upande wa pua, au huwa kama upinde unaozunguka katikati. Lakini ramani moja haitoshi. Mtu aweza kuchoka, au kusinzia, au kutoelewa kazi siku ya kwanza, na majibu yake yakawa mabaya ingawa ugonjwa haukusogea. Kwa hiyo mganga huzihifadhi ramani za kwanza, akapima tena na tena, akazilinganisha. Kama mashimo yale yale yanazidi kuwa mapana au mazito, na kipimo kingine kikathibitisha, ndipo hujua kwamba ugonjwa unasonga mbele na kwamba dawa inayotumika haitoshi.

Waliofuata baada ya Graefe waliendeleza kazi hiyo. Bjerrum wa Denmark, mwaka 1889, alitumia upande wa nyuma wa mlango wa chumba chake, akagundua mashimo madogo yasiyoonekana zamani. Goldmann wa Uswisi alitengeneza mwaka 1945 chombo kama bakuli kubwa. Siku hizi mgonjwa huweka kidevu mbele ya bakuli la namna hiyo linaloendeshwa na kompyuta, akatazama katikati, na kila aonapo nuru ndogo hubonyeza kitufe. Vyombo ni vipya, lakini swali ni lile lile la Graefe.

Tena Graefe hakukomea kupima. Zamani zake, mtu mwenye glakoma kali alihesabiwa kuwa kipofu wa kesho. Mwaka 1857 alitangaza kwamba ukikata kipande kidogo cha ile duara yenye rangi inayozunguka mboni, shinikizo ndani ya jicho hushuka. Watu wengi waliopatwa na glakoma ya ghafla, ile yenye maumivu makali, wakaokolewa wasiwe vipofu. Yeye mwenyewe alisema kwamba katika glakoma ile ya kimya upasuaji huo haukufaa sana. Hakuificha habari hiyo.

Mwili wake haukuwa na nguvu kama akili yake. Mwaka 1861 aliugua sana kifuani, na tangu hapo hakupona kabisa. Hata hivyo aliendelea kufundisha, kupasua na kuandika. Mwaka 1862 alimwoa Anna Knuth, binti wa Denmark. Alipewa uprofesa kamili mwaka 1866, na mwaka 1868 akakabidhiwa idara ya macho katika hospitali kubwa ya Charité. Ugonjwa wa kifua kikuu ulimwua tarehe 20 Julai, 1870, siku moja baada ya Ufaransa kutangaza vita juu ya Prussia. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na miwili. Mwaka 1882 sanamu yake ilisimamishwa Berlin, karibu na hospitali hiyo, nayo ipo mpaka leo.

Wasomaji wenzangu, jambo hili latuhusu nasi. Glakoma huwapata watu wenye asili ya Afrika kuliko wengine wengi, na hutembea katika ukoo. Dawa za matone, mionzi na upasuaji vyaweza kuuzuia ugonjwa usiendelee, lakini hakuna kiwezacho kurudisha kilichokwisha potea. Basi mwenye baba, mama au ndugu aliyeugua, na kila aliyepita miaka arobaini, aende akapimwe macho yake angali akiona vizuri. Na akiambiwa arudi baada ya miezi kadhaa kupimwa tena, asiseme kwamba amekwisha pimwa. Kipimo cha pili ndicho kitakachosema kama mwizi bado yumo ndani.