Joseph Papp: Mwana wa fundi masanduku aliyekataa wanafunzi walipie tamthilia

KAMA umepitia shule ya upili humu nchini, huenda unaikumbuka ile safari ya kwenda Nairobi kutazama tamthilia ya kitabu teule. Basi la shule linaondoka kungali giza, mwalimu anahesabu vichwa kila mkisimama, na taa za ukumbi zinapozimwa ghafla nyote mnapiga mayowe. Halafu kuna wale waliobaki darasani. Si kwamba hawakutaka kwenda. Pesa za safari ndizo zilikosekana nyumbani.

Joseph Papp aliwajua vizuri hao wa kubaki.

Alizaliwa Juni 22, 1921 katika mtaa wa Williamsburg, Brooklyn, jijini New York, akiitwa Joseph Papirofsky. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki. Baba fundi wa masanduku ya safari, mama mshonaji. Pesa zilikuwa ngumu kweli, na kijana akang'arisha viatu vya watu barabarani ili kusaidia. Vitabu vya Shakespeare alivisoma katika maktaba ya umma, mahali ambapo hakuna aliyemdai hata senti.

Shuleni alibahatika kupata mwalimu. Eulalie Spence, mwanamke Mweusi mzaliwa wa kisiwa cha Nevis katika Karibea, alikuwa mwandishi wa tamthilia na alifunza uzungumzaji na uigizaji. Papp alikuja kumtaja kama mtu aliyemjenga kuliko wengi. Akiwa bado mwanafunzi, alifanikiwa kuona Hamlet kule Broadway, tena mara mbili: ya John Gielgud na ya Leslie Howard, zote zilizofunguliwa mwaka wa 1936. Kwa kijana wa Brooklyn asiye na kitu, hayo si mambo ya kusahaulika.

Vita vya Pili vya Dunia vikampeleka jeshi la majini. Aliporudi alisomea uigizaji, akaajiriwa kama msimamizi wa jukwaa katika televisheni ya CBS, na mwaka wa 1954 akaanzisha kikundi chake cha Shakespeare ndani ya kanisa moja mtaani. Mwaka wa 1956 wakatoka nje, wakaigiza Julius Caesar kando ya mto East River bila kiingilio. (Ndiyo ile ile ambayo Mwalimu Nyerere alikuja kuitafsiri kwa Kiswahili.) Waigizaji hawakulipwa. Mwaka uliofuata jukwaa likapandishwa kwenye lori, likazunguka mitaani hadi bustani ya Central Park.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mwaka wa 1958 kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka Wakomunisti ilimwita, akakataa kuwataja marafiki zake, na CBS ikamfuta kazi. Alirudishwa baada ya usuluhishi. Kabla hajapumua vizuri, akakabiliana na Robert Moses, mkuu wa bustani za jiji, mtu aliyejenga madaraja na barabara kuu na ambaye hata mameya walimwogopa. Moses alitaka watazamaji walipe kiingilio, eti nyasi zinaharibika kwa kukanyagwa.

Mtu angeuliza, si angekubali tu yaishe? Kiingilio chenyewe kilikuwa kidogo. Lakini kidogo kwa nani? Ukiweka bei, hata iwe ndogo namna gani, kuna mtoto atakayebaki nyumbani. Papp aligoma, akaenda kortini mwaka wa 1959. Akashindwa. Akakata rufaa, akashinda.

Mwaka wa 1962 ukumbi wa wazi wa Delacorte ulifunguliwa humo humo bustanini kwa The Merchant of Venice. Mwana wa mfalme wa Morocco aliigizwa na kijana Mweusi aliyeitwa James Earl Jones, humjui? Ndiye sauti nzito ya Mufasa katika The Lion King. Papp aliwapa Weusi na Walatino nafasi katika Shakespeare wakati kumbi nyingi hazikuthubutu.

Mwaka wa 1967 alifungua Public Theater ndani ya jengo kuukuu la maktaba, akianza na Hair. Kisha A Chorus Line ya 1975 ikamwokoa kifedha: ilikaa Broadway miaka 15, na faida yake ikagharamia maonyesho ya bure.

Kilichonigusa zaidi ni alichofanya akiwa mzee. Mwaka wa 1986 alichukua ukumbi wa Belasco, pale pale Broadway ambako tiketi ni ghali, akaleta humo wanafunzi wa shule za umma kutazama Shakespeare. Estelle Parsons aliongoza kundi la waigizaji vijana wa rangi zote, ili watoto wa mitaa wawaone watu wanaofanana nao wakiigiza Romeo and Juliet na Macbeth.

Papp alifariki kwa saratani Oktoba 31, 1991, miezi michache tu baada ya kumzika mwanawe.

Delacorte ilikarabatiwa na kufunguliwa tena Agosti 2025 kwa Twelfth Night. Mwelekezi alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Lupita Nyong'o na kakake Junior waliigiza pacha waliopotezana baharini, na jukwaani humo wakasemezana kwa Kiswahili. Kiingilio kilikuwa bure.