Zdarsky, mwalimu mwenye jicho moja aliyepanga malango mlimani

Jumapili ya Machi 19, mwaka 1905, watu 24 walikusanyika kwenye mlima Muckenkogel, juu ya mji mdogo wa Lilienfeld nchini Austria. Kila mmoja alikuwa amefunga mbao mbili ndefu miguuni na kushika fimbo moja mkononi. Mbele yao, kwenye mteremko uliofunikwa na theluji, palikuwa na malango 85 yaliyowekewa alama, moja chini ya jingine hadi bondeni. Walitakiwa kushuka huku wakigeuka kushoto na kulia, wapite katika kila lango. Kati ya hao 24 alikuwamo mwanamke mmoja, Mizzi Angerer, naye alishuka katika njia ile ile waliyopita wanaume.

Aliyeyapanga malango hayo alikuwa Mathias Zdarsky, mwalimu aliyeacha kazi, mwenye umri wa miaka 49 na jicho moja linaloona. Wanahistoria wengi wa mchezo wa skii huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa mashindano ya kushuka mlimani kwa kupita malango, yale ambayo leo huitwa slalomu. Hata hivyo, kile alichokikusudia Zdarsky siku hiyo sicho ambacho dunia ilikuja kukichukua.

Alizaliwa Februari 25, 1856 katika kijiji cha Kožichovice karibu na mji wa Třebíč, katika jimbo la Moravia. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya Milki ya Austria. Leo limo ndani ya Jamhuri ya Czech, na huko jina lake huandikwa Matyáš Žďárský. Alikuwa mtoto wa kumi katika familia yake. Ajali ya utotoni ilimpotezea jicho moja, lakini haikumzuia kusomea ualimu, wala kujifunza uchoraji na uchongaji. Alikuwa pia mpenzi mkubwa wa mazoezi ya viungo, na tabia ya kuutazama mwili kama chombo kinachoweza kuchunguzwa na kurekebishwa haikumtoka maisha yake yote.

Mwaka 1889 aliacha ualimu akanunua shamba la Habernreith, lililo milimani nje ya Lilienfeld. Mji huo uko katika bonde la mto Traisen, yapata kilomita 80 kusini magharibi mwa Vienna, na hadi wakati huo ulijulikana zaidi kwa monasteri yake iliyoanzishwa mwaka 1202. Zdarsky alitaka utulivu wa kusoma, kuchora na kufanya kazi zake. Lakini majira ya baridi huko ni marefu, na theluji ilipojaa, shamba lake lilikuwa kama kisiwa.

Katika miaka hiyo Ulaya nzima ilikuwa ikimzungumzia Fridtjof Nansen, mpelelezi kutoka Norway ambaye mwaka 1888 aliivuka Greenland kwa skii. Zdarsky alisoma kitabu cha safari hiyo, akaagiza skii kutoka Norway. Zilipofika zilikuwa na urefu wa karibu mita tatu. Akazivaa, akajaribu kushuka nazo kwenye miteremko ya shamba lake, na mara moja akatambua kwamba hazikutengenezwa kwa ajili ya milima ya aina hiyo.

Tatizo lenyewe linafaa kuelezwa, kwa kuwa ndilo lililoyageuza maisha yake. Skii za Norway zilizaliwa katika nchi ya vilima vipana na safari ndefu. Mguu ulifungwa kwenye ncha ya kiatu tu, kwa mkanda au kwa fito zilizosokotwa. Kisigino kilikuwa huru kuinuka, na hilo lilimfaa mtu anayetembea. Lakini kisigino hicho hicho kiliweza pia kuyumba upande huu na ule. Katika Milima ya Alps mteremko ni mkali, misitu imesongamana, na njia huwa nyembamba. Huko mtu asiyeweza kuilazimisha mbao igeuke pale anapotaka hana hiari ila kuanguka kwa makusudi kabla hajagonga mti. Wengi walifanya hivyo hasa, na wengine waliamua kwamba Alps si mahali pa skii.

Zdarsky hakukubali. Kwa muda wa majira sita ya baridi, akiwa peke yake, bila mwalimu na bila hata mtu wa kumwiga, alijaribu na kuanguka, akarudi kwenye karakana yake, akajaribu tena. Alizifupisha skii. Aliunda kifungo kipya: bamba la chuma chini ya wayo, lenye bawaba na springi upande wa vidole, kiasi kwamba kisigino kiliweza kuinuka lakini hakikuweza tena kwenda kando. Sasa mguu ukigeuka, mbao nayo ikageuka. Kisha akabuni namna ya kushuka: mtu anainama chini, anasukuma nje mkia wa skii moja, uzito unahamia juu yake, na mwili wote unazunguka pole pole kuelekea upande wa pili. Kwa kuunganisha mageuzo hayo, mtu aliweza kushuka mteremko mkali kwa mwendo anaoutaka mwenyewe.

Mwaka 1896 alichapisha mbinu hiyo katika kitabu, chenye maelezo ya hatua kwa hatua. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vilivyofundisha kushuka Milima ya Alps kwa skii, na ugomvi ulianza karibu mara tu kilipotoka. Wakereketwa wa mtindo wa Norway, hasa nchini Ujerumani, waliona ni dharau mtu asiyejulikana, tena wa milima midogo, kudai kwamba ameirekebisha kazi ya wenye mchezo. Mmoja wa wapinzani wake alikuwa Wilhelm Paulcke, aliyekuwa na heshima kubwa kwa kuvuka milima ya Bern kwa skii mwaka 1897. Walidhihaki vifungo vyake vya chuma, na zaidi ya yote waliidhihaki fimbo yake moja ndefu, wakiwafananisha wanafunzi wake na wachawi waliopanda ufagio.

Zdarsky hakuwa mtu wa kumeza tusi. Alijibu kila makala kwa makala, na aliwataka wapinzani wake waje washuke naye milima aitakayo yeye. Pengine sauti laini kidogo ingempatia marafiki wengi zaidi. Lakini wakati majarida yakichafuana, kazi yake halisi ilikuwa ikiendelea mahali pengine. Siku za Jumapili treni kutoka Vienna ilishusha makundi ya watu Lilienfeld: makarani, wanafunzi, wanawake kwa wanaume, wengi wao hawajawahi kugusa skii. Aliwapanga safu kama askari na kuwafundisha makundi kwa makundi, na hakudai malipo. Chama kilichoanzishwa mwaka 1900 kuieneza mbinu yake kilikua haraka, na jeshi nalo likatuma watu wake wafundishwe.

Januari 1905 Hassa Horn, mhandisi na mtelezaji kutoka Norway, alifika Lilienfeld kujionea mwenyewe. Alishuka pamoja na Zdarsky katika miteremko mikali, na alipoondoka alikuwa amekiri kwamba kwa milima ya namna ile mbinu ya mwenyeji wake ilifaa. Kwa mtu aliyetukanwa kwa jina la Norway kwa miaka tisa, ushahidi huo ulikuwa na uzito wa pekee.

Miezi miwili baadaye yakaja malango ya Muckenkogel. Mtu anayeyatazama kwa macho ya leo huona mbio. Zdarsky aliyaona zaidi kama mtihani. Hakuwa mpenda mashindano, na aliamini kwamba tamaa ya kushinda humfanya mtu ausahau mlima. Alichotaka kupima ni kama mtu wa kawaida aliyefundishwa vizuri anaweza kufika bondeni akiwa mzima, akigeuka mahali alipoambiwa ageuke. Lango lilisimama badala ya mti, jiwe au ukingo wa genge. Aliyeweza kuyapita malango 85 alikuwa amethibitisha kwamba anaweza kurudi nyumbani kutoka mlima wowote wa jirani.

Hata hivyo, ukaidi uliomfikisha hapo ndio uliomzuia kwenda mbele zaidi. Georg Bilgeri, afisa wa jeshi kutoka jimbo la Vorarlberg, aliuchukua mgeuko wa Lilienfeld, akaongeza fimbo ya pili na kurekebisha kifungo. Zdarsky aliona huo kuwa wizi pamoja na uharibifu. Chuki kati yao ilifika kiwango cha kutakiana pambano la silaha, ingawa halikufanyika. Historia imempa ushindi Bilgeri katika suala la fimbo: leo hakuna ashukaye na fimbo moja. Zdarsky aliishikilia yake hadi mwisho.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Milima ya Alps, alijiunga na jeshi kama mshauri wa mambo ya mlimani licha ya umri wake. Katika mpaka wa Austria na Italia theluji iliua kama silaha. Maelfu ya askari wa pande zote mbili walifukiwa na maporomoko katika miaka hiyo. Mwishoni mwa Februari 1916, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 60, Zdarsky alikuwa katika milima ya Carnic akisaidia kuwatafuta watu waliofunikwa na poromoko, ndipo poromoko jingine likamwangukia yeye. Alipofukuliwa alikuwa hai, lakini mwili wake ulikuwa na mivunjiko na viungo vilivyoteguka karibu 80, uti wa mgongo ukiwemo.

Wengi waliomwona hawakutarajia angeinuka tena. Yeye aliutendea mwili wake kama alivyozitendea zile skii za mita tatu. Alibuni vifaa vyake mwenyewe vya kuvuta na kunyoosha viungo, akatunga mazoezi, akayarudia kwa miaka mingi akiwa katika maumivu. Hatimaye alitembea, kisha akarudi kwenye skii. Mwaka 1929 alitoa kitabu kuhusu maporomoko ya theluji, ambamo kumbukumbu ya mtu aliyezikwa hai imewekwa pamoja na uchunguzi wa namna theluji inavyojipanga na kukatika. Wapanda milima wanaozungumza Kijerumani hadi leo huliita kwa jina lake lile hema jepesi la mfuko, ambalo watu hujifunika wakikutwa na dhoruba mlimani.

Kufikia hapo malango yake yalikuwa yameshahama. Mwaka 1922, huko Mürren nchini Uswisi, Mwingereza Arnold Lunn alipanga bendera mteremkoni akaweka kanuni moja: mshindi ni mwenye muda mfupi zaidi. Neno slalomu lenyewe ni la Norway, ambako vijana wa jimbo la Telemark walishindana kwenye njia zenye vizuizi muda mrefu kabla ya wote hao. Shirikisho la kimataifa la skii liliupokea mchezo huo mwaka 1930, mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Mürren mwaka uliofuata, na mwaka 1936 ukaingia katika Olimpiki ya Garmisch-Partenkirchen nchini Ujerumani. Mabishano kuhusu nani baba wa slalomu, Lunn au Zdarsky, hayajaisha. Jibu linategemea kama mtu anahesabu kuanzia lango au kuanzia saa.

Zdarsky alifariki dunia Juni 20, 1940 mjini St. Pölten, akiwa na umri wa miaka 84, na akazikwa Habernreith, katika ardhi ya shamba lake. Makumbusho ya Lilienfeld yana sehemu maalumu kwa ajili yake, na juu ya mji, Muckenkogel bado hupokea watelezaji kila theluji inapotosha.