MAMA MARTHA WASHINGTON: MKE WA MWANAJESHI NA BIBI WA WAJUKUU



Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi tumeona tusijisifu wenyewe tu. Tumeweka pia maisha ya mama mmoja wa zamani, ambaye jina la mumewe linajulikana dunia nzima lakini yeye mwenyewe wengi hawamjui. Ni Mama Martha Washington wa Marekani, mke wa Jenerali George Washington, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa nchi ile.

Martha alizaliwa Virginia mwaka 1731. Mwaka 1750 aliolewa na tajiri wa mashamba ya tumbaku, Daniel Parke Custis. Walijaliwa watoto wanne, wawili wakafa wangali wadogo. Mwaka 1757 mume naye akafariki, tena bila kuacha wosia. Martha alikuwa na miaka 26 tu. Akina mama, mnajua wenyewe mjane wa umri huo anavyozungukwa. Lakini yeye alishika vitabu vya hesabu, akawaandikia wafanyabiashara wa London waliokuwa wakiuza tumbaku yao, na mali haikupotea. Kumbe mwanamke anayejua hesabu zake hata msiba haumwangushi moja kwa moja.

Januari 1759 aliolewa na George Washington, wakahamia Mount Vernon. Hawakupata mtoto pamoja, ila George aliwalea wale wawili wa Martha. Binti alikuwa na kifafa, akafariki mwaka 1773 akiwa na miaka 17.

Mwaka 1775 Wamarekani walianza kupigana na Waingereza, na George akafanywa mkuu wa jeshi. Vita vile vilichukua miaka minane. Wakati wa baridi kali mapigano yalipungua, jeshi likapiga kambi. Basi kila baridi ilipofika, Martha alipanda gari la farasi akamfuata mumewe kambini, safari ya siku nyingi kwenye barabara mbovu. Mwaka 1776 alikubali kuchanjwa ndui, na chanjo ya siku zile ilikuwa ya kuogopesha, maana ulipakwa usaha wa mgonjwa mwenyewe. Alikuwepo Valley Forge mwaka 1778, kambi ambayo askari karibu 2,000 walikufa kwa maradhi. Ukijumlisha miezi yote, alikaa kambini karibu nusu ya vita. Alifuma soksi, akashona, akawapokea maofisa na wake zao, na akampa moyo mzee wake.

Mwaka 1780 akina mama wa Philadelphia, wakiongozwa na Esther Reed, walipita nyumba kwa nyumba kuchangisha fedha za askari. Martha akasaidia kuufikisha wito huo kwa akina mama wa Virginia. Walikusanya zaidi ya dola 300,000, ingawa noti za wakati ule zilikuwa zimeshuka thamani sana. Wao walitaka kila askari apewe fedha mkononi, lakini Jenerali aliogopa wengine watazinywea pombe, akaomba mashati. Yakashonwa zaidi ya 2,000, na kila shati likaandikwa jina la mama aliyelishona. Hapo nawaomba tutulie kidogo: jina la kila mmoja liliandikwa.

Vita vikielekea mwisho, Novemba 1781, mtoto wake wa mwisho aliyebaki alikufa kwa homa ya kambini. Martha akawa amezika wote wanne. Marehemu aliacha watoto wanne, na wawili wadogo, Nelly na kaka yake, wakalelewa Mount Vernon na bibi yao. Aliwapenda mno wajukuu wale.

Lakini ukweli lazima tuuseme wote, hasa sisi Waafrika. Raha ya nyumba ile ilibebwa na watumwa, watu waliotoka katika bara letu na vizazi vyao. Mwaka 1799 walikuwa zaidi ya 300 Mount Vernon. Mmoja alikuwa Ona Judge, binti fundi wa kushona, aliyemhudumia Martha mwenyewe. Martha alikusudia kumtoa kama zawadi kwa mjukuu wake mkubwa aliyeolewa. Jamani, binadamu kuwa zawadi! Mwaka 1796 Ona alitoroka Philadelphia, akafika New Hampshire, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1848. Akina Washington walimtafuta, hakurudi.

George alifariki Desemba 1799. Watumwa 123 waliokuwa wake mwenyewe walipewa uhuru Januari 1801. Wale wa mali ya Custis waligawiwa wajukuu baada ya Martha kufariki, Mei 1802, na familia nyingi zikatenganishwa.

Basi tujifunze nini? Kwa Martha tuchukue uvumilivu, hesabu, na moyo wa kusimama na mume na wajukuu. Lakini bibi huyo huyo hakuona kwamba Ona naye ni mtoto wa mtu. Ndiyo maana ninawasisitiza: katika daftari letu kila mchango uandikwe na jina la mwenyewe, mkubwa au mdogo. Na yule msichana anayebaki nyumbani na watoto wetu tunapokuja mkutanoni, naye ana sehemu katika miaka hii kumi. Alipwe haki yake, na akitaka kuweka akiba, tumkaribishe.

Umoja wetu udumu.

Mwenyekiti