Jim Reeves: Alikufa 1964, kila Jumapili bado anaimba kwenu

Sauti yake unaijua, hata kama jina hulijui. Ni ile nzito, laini, isiyo na haraka, inayotoka kwenye redio ya mshua Jumapili asubuhi, au kwenye spika za matanga usiku watu wakinywa chai. Wengi mtaani hudhani ni mhubiri fulani mzee. Wapi! Jamaa hakuwa mhubiri, na uzee hakuuona. Alikufa akiwa na miaka 40.

James Travis Reeves alizaliwa Agosti 20, 1923, huko Galloway, kijiji cha wakulima jimboni Texas, Marekani. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mchanga, mama akabaki na watoto na jembe. Usidhani aliota muziki. Ndoto yake ilikuwa besiboli. Alitia saini na St. Louis Cardinals, akazichezea timu zao za chini kama mrushaji mpira, mpaka siku alipoumia neva ya mguu akirusha. Mambo ya besiboli yakaishia hapo.

Akaingia redioni kama mtangazaji. Kwangu mimi, siri ya sauti yake iko hapo: mtangazaji mzuri huongea na mtu mmoja, si na uwanja mzima. Lakini mwanzoni hakuitumia. Waimbaji wengi wa kantri enzi hizo walipaza sauti, naye akapaza. Sikiliza Mexican Joe, kibao chake cha 1953 kilichomtoa. Ni mbwembwe tupu, hutaamini ni yeye.

Kilichombadilisha ni wimbo Four Walls, mwaka 1957. Alisogea mpaka midomo ikakaribia kugusa maikrofoni, akashusha sauti, akaimba kama mtu anayekunong'onezea. Mtindo huo haukuwafurahisha watu wote wa kampuni ya RCA, lakini mtayarishaji wake, Chet Atkins, alimtetea. Wimbo ukapanda hadi nambari moja upande wa kantri. Kisha ukaja He'll Have to Go, hadithi ya mwanamume aliye baa akimpigia simu mpenzi aliye na mwingine. Mwaka 1960 ulikaa kileleni kwa wiki 14.

Sasa fikiria: sauti hiyo hiyo ya simu ya baa ndiyo aliyoipeleka kwenye injili. Albamu yake We Thank Thee ilitoka 1962, na humo ndimo ulimo This World Is Not My Home. Wimbo si wake. Ulikuwa ukiimbwa makanisani kusini mwa Marekani kabla yeye hajaujua muziki. Wengine waliuimba kwa makofi na furaha ya safari. Yeye aliutuliza. Na kila neno analitamka wazi, polepole, hivi kwamba hata aliyejifunza Kiingereza darasani tu hapotezi kitu. Nadhani ndiyo maana babu zetu walimpenda hivyo.

Afrika yenyewe alifika, ila upande wa kusini tu. Alizuru Afrika Kusini 1962, mwaka ambao Nelson Mandela alikamatwa, akarudi mwaka uliofuata kuigiza katika filamu Kimberley Jim. Aliimba hata kwa Kiafrikana, wakati sheria za ubaguzi zikiwatenga Weusi hadi kwenye kumbi za burudani. Hilo pia ni sehemu ya maisha yake, na wanaompenda hawalitaji sana.

Julai 31, 1964, alikuwa akirusha mwenyewe ndege ndogo ya injini moja kutoka Arkansas kurudi Nashville, akiwa na mpiga piano wake, Dean Manuel. Wakakaribia nyumbani, wakaingia kwenye dhoruba. Ndege ikaanguka msituni karibu na Brentwood. Watu walitafuta siku mbili, wanamuziki wenzake wakiwemo, ndipo mabaki yakapatikana. Wote wawili walikuwa wamekufa.

Mjane wake, Mary, hakuruhusu sauti izimike. Kulikuwa na kanda nyingi ambazo hazijatolewa, nyingine za majaribio tu. Distant Drums ilikuwa mojawapo. Ikaongezwa ala, na 1966 ikashika nambari moja Uingereza kwa wiki tano, enzi za Beatles, mwenyewe akiwa kaburini. Mwaka 1981 mafundi wakaunganisha sauti yake na ya Patsy Cline, ambaye pia aliuawa na ajali ya ndege, 1963. Wimbo huo wa wawili hawakuwahi kuurekodi pamoja. Na wewe ulidhani mambo haya yameanza na AI!

Leo usiku vaa earphone. Anza na Mexican Joe, kisha weka This World Is Not My Home. Utasikia miaka tisa ya mtu akijifunza kunyamaza.