Gunpei Yokoi: Fundi aliyethibitisha kuwa mchezo ndio unaoinadi mashine

Na Mwandishi Wetu, Kibiti

KATIKA vibanda vya gemu vya mji wa Kibiti, mkoani Pwani, mashine mpya haijinadi yenyewe. Mwenye kibanda huweka mchezo wa mpira, vijana hujipanga nyuma ya mchezaji, na kila mmoja huona kwa macho yake jinsi nyasi, jezi na mbio za wachezaji zilivyozidi zile za mashine ya zamani. Hapo ndipo shilingi hutoka mfukoni.

Lakini ukitoka mjini hapo hadi Nyamisati na kupanda boti kuelekea vijiji vya delta ya Rufiji, swali hubadilika. Huko kwenye mikoko, ambako kwa miaka mingi usiku ulimulikwa kwa kibatari na tochi, mtu hakuanza kuuliza kifaa kina rangi ngapi. Aliuliza kinakula betri ngapi.

Maswali hayo mawili, kifaa kinaonyesha nini na kinadumu kwa muda gani, ndiyo yaliyotawala maisha ya Gunpei Yokoi, fundi wa Kijapani aliyeiletea dunia mashine ndogo ya michezo iitwayo Game Boy.

Yokoi alizaliwa Septemba 10, 1941 katika jiji la Kyoto na kusomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha. Mwaka 1965 aliajiriwa na kampuni ya Nintendo, ambayo wakati huo ilijulikana kwa karata za jadi ziitwazo hanafuda. Kazi yake haikuwa na fahari yoyote: alitunza mitambo ya kutengenezea karata hizo.

Katika muda wa mapumziko alijitengenezea mkono wa bandia wenye kurefuka na kukunjika, wa kushikia vitu vya mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, aliuona alipotembelea kiwanda. Badala ya kumkaripia, alimwagiza augeuze kuwa kitu cha kuuza. Mwaka 1966 ukaingia sokoni kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni moja, na fundi wa mitambo akawa mbunifu wa vifaa vya kuchezea.

Wazo lake jingine lilitoka ndani ya treni. Alimwona abiria akiua muda kwa kubonyeza kikokotoo, akajiuliza kwa nini kioo kile kile kisibebe mchezo. Aprili 1980 zikazaliwa Game & Watch, saa za mfukoni zenye mchezo ndani yake, na zaidi ya milioni 40 ziliuzwa. Katika toleo la Donkey Kong la mwaka 1982 aliweka kitufe chenye umbo la msalaba cha kuelekeza mchezaji, umbo ambalo limeigwa katika mashine za kampuni nyingi hadi leo.

Falsafa yake ilikuwa rahisi. Hakukimbilia teknolojia mpya kabisa, ambayo ni ghali na haijazoeleka. Alichukua iliyokomaa na kushuka bei, kisha akaitafutia kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria.

Imani hiyo ilipimwa Aprili 21, 1989, Game Boy ilipotoka Japani. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa. Kilionyesha vivuli vinne tu vya kijani, na picha ikienda kasi iliacha ukungu. Mwaka huo huo Atari walileta Lynx yenye rangi na mwanga, na mwaka 1990 Sega wakafuata na Game Gear. Zikiwekwa pamoja mezani, Game Boy ndiyo iliyoonekana maskini.

Kilichoiokoa ni mchezo uliobuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov wa Moscow, yaani Tetris. Mfanyabiashara Henk Rogers aliwashawishi viongozi wa Nintendo nchini Marekani wauweke ndani ya kila boksi, kwa hoja kwamba Mario angewavuta wavulana, lakini Tetris ingevuta kila mtu.

Mchezo ule ulikivaa kifaa kile kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo. Matofali yanayoanguka hayahitaji rangi, na kwa kuwa huanza kushuka taratibu, ukungu wa kioo haukusumbua sana. Raundi moja iliisha kabla basi halijafika kituoni. Watu wawili wakiunganisha mashine zao kwa waya, walishindana. Zaidi ya yote, betri nne ndogo zilidumu saa kumi na kuzidi, wakati Lynx na Game Gear zilimaliza betri sita kwa saa chache tu.

Game Boy, pamoja na toleo lake la rangi, iliuzwa zaidi ya milioni 118. Hata ambao hawakuwahi kuigusa walicheza vivuli vyake: vile vijigemu vya matofali kutoka China vilivyotapakaa Afrika Mashariki katika miaka ya 1990.

Hata hivyo, mwaka 1995 Yokoi alijikwaa. Alitoa Virtual Boy, mashine ya kuchungulia kwa macho mawili iliyoonyesha picha zenye kina, kwa rangi nyekundu na nyeusi tu. Nchini Marekani iliuzwa pamoja na mchezo wa tenisi ambao ungeweza kuchezwa vizuri bila kina chochote. Tangazo la televisheni halikuweza kuonyesha kile anachokiona mchezaji, wala aliyesimama nyuma yake hakuona kitu. Wengine walilalamikia maumivu ya kichwa. Haikufikisha mauzo ya milioni moja, na iliondolewa sokoni kabla ya kutimiza mwaka.

Agosti 1996, baada ya miaka 31, Yokoi aliondoka Nintendo na kuanzisha kampuni yake, Koto. Alikuwa akiibunia kampuni ya Bandai mashine mpya ya mkononi, WonderSwan, mauti yalipomfika. Oktoba 4, 1997, aliposhuka garini baada ya ajali katika barabara kuu ya mkoa wa Ishikawa, aligongwa na gari jingine. Alikuwa na umri wa miaka 56.

WonderSwan ilitoka Machi 1999. Ilitumia betri moja tu, na miongoni mwa michezo iliyoitambulisha ulikuwamo wa mafumbo uliopewa jina lake, Gunpey.

Wenye vibanda vya Kibiti wanaijua siri hiyo bila kufundishwa. Mteja hanunui nguvu ya mashine asiyoiona. Hununua mchezo unaomwonyesha nguvu hiyo inamfaa nini.