Galileo Galilei, Mtu Aliyepima Mchapuko

Ukisimama kando ya Barabara ya Morogoro, mahali inapopita kati ya Upanga na Kariakoo, utayaona mabasi makubwa yakiondoka katika kituo cha Fire. Watu wa Dar es Salaam huyaita mwendokasi. Jina hilo ni neno la sayansi. Mwendokasi ni umbali ambao kitu husafiri katika kipimo kimoja cha muda. Basi linalopita mita 10 katika kila sekunde lina mwendokasi wa mita 10 kwa sekunde.

Lakini liangalie basi hilo vizuri zaidi. Haliondoki kituoni kwa mwendokasi huo mara moja. Kwanza limesimama. Kisha huenda polepole, halafu upesi, halafu upesi zaidi. Likikaribia kituo cha Jangwani, mwendokasi wake hupungua mpaka linasimama tena. Badiliko la mwendokasi katika kila sekunde huitwa mchapuko. Katika somo hili utasoma maisha ya mtu aliyetufundisha kuupima mchapuko. Mtu huyo ni Galileo Galilei.

Utoto na masomo yake

Galileo alizaliwa tarehe 15 Februari 1564 katika mji wa Pisa, katika nchi ambayo leo huitwa Italia. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki. Mzee huyo hakuridhika na yale yaliyosemwa vitabuni kuhusu sauti. Alizijaribu mwenyewe nyuzi za ala kwa kuzikaza na kuzisikiliza. Kwa hiyo Galileo alikulia katika nyumba ambayo jambo liliaminiwa baada ya kujaribiwa.

Baba alitaka mwanawe awe mganga. Mwaka 1581 Galileo aliingia katika Chuo Kikuu cha Pisa kusomea utabibu. Lakini moyo wake ulivutwa na hesabu, na mwaka 1585 aliondoka chuoni bila kupata shahada. Aliendelea kujifunza hesabu kwa bidii, na mwaka 1589 alirudi katika chuo kile kile akiwa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1592 alihamia Chuo Kikuu cha Padua, akafundisha huko kwa muda wa miaka 18. Ili uukumbuke wakati huo, fahamu kwamba mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa.

Fikra za watu wa kale

Katika siku hizo wasomi wengi walifuata mafundisho ya Aristotle, Mgiriki aliyeishi karibu miaka 1,900 kabla ya Galileo. Aristotle alifundisha kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko kitu chepesi, kwa kadiri ya uzito wake. Hivyo jiwe la kilo 10 lingeanguka upesi mara 10 kuliko jiwe la kilo 1. Wengi waliyakubali maneno hayo bila kuyapima.

Galileo aliona kwamba mafundisho hayo hayapatani na mambo tunayoyaona. Mawe mawili, moja zito na jingine jepesi, yakiachiwa pamoja, hufika chini karibu wakati mmoja. Unyoya huchelewa kwa sababu hewa huuzuia. Mwaka 1971 mwanaanga wa Marekani, David Scott, aliangusha nyundo na unyoya juu ya Mwezi, mahali pasipo na hewa. Vyote viwili vilifika chini pamoja.

Ubao wenye mfereji

Galileo alitaka kujua zaidi. Je, kitu kinachoanguka huongeza mwendokasi wake kwa utaratibu gani? Hapo alikutana na shida kubwa. Embe likidondoka kutoka tawi lililo juu mita 5, hufika chini katika muda wa sekunde 1 hivi. Wakati ule hapakuwa na saa iliyoweza kupima muda mfupi kama huo kwa usahihi.

Akatafuta njia ya kuupunguza mwendo. Alitwaa ubao mrefu wenye urefu wa mita kadhaa, akachonga ndani yake mfereji ulionyooka, akaulainisha sana. Aliinua kidogo ncha moja ya ubao, kisha akaachia tufe gumu la shaba nyeusi libingirike ndani ya mfereji. Kwa kuwa mteremko ulikuwa mdogo, tufe lilikwenda polepole, naye aliweza kulipima.

Kupima muda alitumia maji. Aliweka juu chombo kikubwa kilichojaa maji, chenye bomba jembamba chini yake. Tufe lilipoanza kubingirika, aliyaachia maji yaingie katika kikombe. Tufe lilipofika mwisho, aliyazuia. Kisha aliyapima maji hayo kwa mizani. Maji yakiwa mengi, muda ulikuwa mrefu. Yakiwa machache, muda ulikuwa mfupi. Alirudia kazi hiyo mara nyingi sana, kwa miteremko mbalimbali, ili awe na hakika kwamba majibu hayabadiliki.

Kanuni aliyoigundua

Tuseme tufe lilikwenda kipande 1 cha ubao katika muda wa kwanza. Galileo aliona hivi:

Baada ya muda 1, umbali wote ni vipande 1.
Baada ya muda 2, umbali wote ni vipande 4.
Baada ya muda 3, umbali wote ni vipande 9.
Baada ya muda 4, umbali wote ni vipande 16.

Zitazame namba hizo. 4 ni 2 mara 2. 9 ni 3 mara 3. 16 ni 4 mara 4. Basi, kitu kikianza kutoka katika hali ya kusimama, na mchapuko wake usipobadilika, umbali huongezeka kwa kadiri ya muda uliozidishwa kwa muda wenyewe. Muda ukiwa mara mbili, umbali huwa mara nne.

Kutumia kanuni katika hesabu

Sasa turudi kwenye basi. Tuseme linaondoka kituoni katika njia iliyonyooka, na kila sekunde mwendokasi wake unaongezeka kwa mita 1 kwa sekunde. Baada ya sekunde 10 litakuwa limekwenda umbali gani?

Hatua ya kwanza: tafuta mwendokasi wa mwisho. Kila sekunde huongezeka 1, kwa hiyo baada ya sekunde 10 ni mita 10 kwa sekunde.

Hatua ya pili: tafuta mwendokasi wa wastani. Kwa kuwa mchapuko haubadiliki, jumlisha mwendokasi wa mwanzo na wa mwisho, kisha gawanya kwa 2. 0 na 10 ni 10. Gawanya kwa 2, utapata mita 5 kwa sekunde.

Hatua ya tatu: zidisha wastani kwa muda. 5 mara 10 ni 50. Basi limekwenda mita 50.

Fanya tena kwa sekunde 20. Mwendokasi wa mwisho ni mita 20 kwa sekunde, wastani ni mita 10 kwa sekunde, na umbali ni mita 200. Muda umekuwa mara mbili, na umbali umekuwa mara nne, kama alivyoonyesha Galileo.

Hukumu yake

Mwaka 1609 Galileo alitengeneza darubini yake na kuielekeza angani. Mwezi Januari 1610 aliona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii. Mambo aliyoyaona yalimthibitishia kwamba Dunia hulizunguka Jua, kama alivyokwisha kufundisha Copernicus. Wakuu wa Kanisa wa wakati ule hawakuyakubali mafundisho hayo. Galileo alipochapisha kitabu kuhusu jambo hilo mwaka 1632, aliitwa Roma kushtakiwa. Mwaka 1633 alihukumiwa, akalazimishwa kuyakana mafundisho yake mbele ya watu. Kitabu chake kilipigwa marufuku, naye akafungiwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na mji wa Florence. Mwaka 1634 alifiwa na binti yake mpendwa, Maria Celeste.

Alikuwa mzee, mgonjwa na mwenye huzuni. Hata hivyo hakuiacha kazi. Alizikusanya habari za vipimo vyake vya zamani, akaandika kitabu juu ya mwendo wa vitu. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1638 katika mji wa Leiden, nchini Uholanzi, mbali na waliomhukumu. Wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka. Alifariki tarehe 8 Januari 1642. Mwaka 1992 Kanisa Katoliki lilikiri kwamba waliomhukumu walikosea.

Kanuni yake hukulinda barabarani

Kanuni ya Galileo inahusu pia gari linalopunguza mwendo. Tuseme gari linakwenda mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, katika Barabara ya Umoja wa Mataifa hapo Upanga. Dereva anafunga breki, na kila sekunde mwendokasi unapungua kwa mita 5 kwa sekunde. Gari litasimama baada ya sekunde 2. Wastani wa mwendokasi ni mita 5 kwa sekunde. Kwa hiyo litakwenda mita 10 kabla ya kusimama.

Gari la pili linakwenda mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, nalo lina breki kama za gari la kwanza. Litasimama baada ya sekunde 4. Wastani wake ni mita 10 kwa sekunde. Litakwenda mita 40! Mwendokasi umekuwa mara mbili tu, lakini umbali wa kusimama umekuwa mara nne. Tena, dereva huhitaji muda wa kukuona kabla ya kukanyaga breki, na katika muda huo gari huendelea kuja.

Sasa unafahamu kwa nini sheria ya Tanzania inawataka madereva wasizidishe kilomita 50 kwa saa katika sehemu zenye makazi. Nawe usivuke kwa kudhani kwamba dereva aliyekuona anaweza kusimama papo hapo. Ngoja mpaka magari yamesimama kabisa, ndipo uvuke.

Jaribio

Fanyeni jaribio hili darasani pamoja na mwalimu wenu.

1. Chukueni ubao wa mita 2. Pigilieni juu yake fito mbili zilizonyooka ili kupata mfereji.
2. Wekeni kitabu kimoja chini ya ncha moja. Tieni alama sentimita 40 na sentimita 160 kutoka mahali pa kuanzia.
3. Toboeni kwa msumari tundu dogo chini ya kopo. Lijazeni maji, mkizuia tundu kwa kidole.
4. Achieni gololi na maji kwa wakati mmoja. Gololi ikifika sentimita 40, zuieni maji. Pimeni maji yaliyotoka kwa kipimo cha dawa chenye alama za mililita.
5. Jazeni kopo tena, mrudie kwa sentimita 160. Fanyeni kila kipimo mara tano.

Umbali wa pili ni mara nne ya ule wa kwanza. Je, maji yamekuwa mara ngapi?

Maswali

1. Mchapuko ni nini?
2. Kwa nini Galileo alitumia ubao ulioinama badala ya kuangusha tufe moja kwa moja?
3. Pikipiki inaondoka kutoka katika hali ya kusimama. Kila sekunde mwendokasi wake unaongezeka kwa mita 2 kwa sekunde. Itakwenda umbali gani katika sekunde 6?
4. Gololi imebingirika sentimita 20 katika sekunde ya kwanza. Itakuwa imekwenda umbali gani baada ya sekunde 3?
5. Gari linakwenda mita 15 kwa sekunde. Likifunga breki, kila sekunde hupoteza mita 5 kwa sekunde. Litakwenda mita ngapi kabla ya kusimama?